Wapimaji wa maji chini ya sheli yangu, Tororo: tathmini ya huduma baada ya miezi 18

Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wenye vituo vya mafuta mashariki mwa Uganda, hasa sisi wenye vituo vidogo visivyo na bendera ya kampuni kubwa, ambao tangi likivuja hatuna makao makuu ya kutuletea mhandisi. Huduma ninayoizungumzia ni ya kampuni moja ya Kampala inayochunguza na kusafisha maji ya ardhini yaliyoingiwa na petroli. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mazungumzo ya fidia kati yangu na jirani hayajafungwa, na taarifa za kampuni hiyo ndizo ushahidi tunaoutegemea sote wawili. Walipima vizuri sana, walisafisha kwa kiasi cha kuridhisha, na waliandika taarifa vibaya. Kama ningelazimishwa kulipia kimoja tu kati ya hayo matatu, ningelipia upimaji.

Kituo changu kilikuwa na matangi mawili ya chuma, la petroli na la dizeli, yaliyofukiwa mwaka 1994 na mzee aliyeniuzia kituo. Kwa miezi minane mfululizo vitabu vyangu vya petroli vilipungukiwa na lita 40 hivi kwa siku. Fimbo ya kupimia ilitoa hesabu moja na mita za pampu zikatoa nyingine, na mimi, ambaye sikuwa nimewahi kuvujiwa, niliamua kwamba wahudumu wa pampu wananiibia. Nilikata mishahara yao. Baadaye niliwarudishia fedha pamoja na kuwaomba radhi, lakini mmoja alikuwa ameshaondoka kwa hasira, akapokea zake kwa simu na hakurudi kazini.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, mama mwenye hoteli ndogo ya chai nyuma ya kituo, ambaye huteka maji katika kisima chake mwenyewe. Alikuja asubuhi na kikombe mkononi, akaniambia, "Mzee, nimechemsha chai hii mara tatu na bado inanuka pampu yako." Nilikinusa kikombe, na sikuwa na la kumjibu.

Mhandisi alipokuja kuvipitia vitabu vyangu alinionyesha kwamba jibu lilikuwa ndani yake tangu mwanzo. Kanuni inayotumika Marekani kwa matangi ya chini ya ardhi husema kwamba upotevu wa mwezi ukizidi asilimia 1 ya mafuta yaliyopita katika tangi, ukijumlisha galoni 130 ambazo ni lita 492 hivi, basi uvujaji ushukiwe. Mimi huuza lita 60,000 hivi za petroli kwa mwezi, kwa hiyo mpaka wangu ulikuwa lita 1,092, nami nilikuwa napoteza 1,200. Hesabu hiyo huchukua dakika mbili kwa kikokotoo cha simu, na siku hizi naifanya kila mwisho wa mwezi.

Kabla ya kampuni hii nilimwita fundi mwingine, ambaye naye simtaji. Alifika siku ya pili tu na pampu kubwa, akachimba shimo moja kando ya barabara mahali ardhi inapoinamia, akavuta maji kwa siku tisa na kuyamwaga katika mfereji. Maji yale hayakuwa na harufu hata kidogo, jambo alilolitoa kuwa ushahidi kwamba kazi imekwisha, nami nikamlipa. Kumbe alikuwa akisafisha maji safi.

Kampuni ya Kampala ilianza kwa tangi lenyewe. Lilipimwa kwa shinikizo, likashindwa, likakamuliwa mafuta yaliyobaki na kufukuliwa. Tundu lilikuwa upande wa chini, la kupitisha kalamu ya risasi, mahali hasa ambapo fimbo ya kupimia hugonga kila asubuhi. Kibati cha kukinga sakafu ya tangi hakikuwahi kuwekwa, na miaka mingi ya kugongwa palepale ilikuwa imekula chuma. Fimbo ile ile iliyokuwa ikiniambia kwamba naibiwa ndiyo iliyokuwa ikinitobolea tangi. Udongo wa chini yake ulikuwa umegeuka kijivu na ulitoa mvuke mkali kiasi kwamba kila simu ilizimwa na kuachwa mbali, kwa sababu mvuke wa petroli ukifikia asilimia 1.4 tu ya hewa unaweza kulipuka. Udongo huo ni taka hatari, nao uliondolewa kwa lori lililofunikwa na kwa karatasi zake zote. Waliupima pia madini ya risasi bila mimi kuwaambia, kwa hoja kwamba tangi la mwaka 1994 lilibeba petroli yenye risasi kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kuiacha mwanzoni mwa 2006. Ni jambo ambalo mimi, mwenye kituo, sikulifikiria.

Baada ya hapo ndipo walipoanza kile ninachokisifu zaidi, yaani visima vya uangalizi. Walichimba sita. Kila kimoja ni bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita tano lenye nyufa nyembamba upande wa chini, limezungushiwa changarawe safi, kisha juu yake udongo wa bentonaiti unaovimba ukilowa na kuziba, kisha saruji, ili maji ya mvua ya uani yasiteremke kandokando ya bomba na kuharibu kipimo. Walisisitiza kwamba sehemu yenye nyufa ianzie juu ya usawa wa maji na kuishia chini yake. Sababu yake ni nyepesi kuelewa lakini fundi wa kwanza hakuijua: petroli ni nyepesi kuliko maji na huelea, kwa hiyo kisima ambacho nyufa zake ziko chini kabisa kitakuletea maji huku tabaka la petroli likipita juu bila kuonekana.

Siku ya kupima kimo cha maji nilisimama karibu kuangalia. Hushusha utepe wenye kichwa cha chuma, nao hulia mlio mmoja mfululizo ukigusa mafuta na mlio wa kukatakata ukigusa maji. Katika kisima namba 1, palipokuwa na tangi, utepe ulilia mfululizo kwa sentimita 11 kabla ya kubadilika. Nikaanza kupiga hesabu ya mafuta yangu yaliyo chini, lakini kijana aliyeshika utepe akanitahadharisha kwamba tabaka ndani ya kisima huwa nene kuliko lilivyo ardhini, kwa hiyo sentimita 11 za bombani si sentimita 11 za udongoni.

Vimo vya visima vitatu vikishajulikana na kurekebishwa kwa uzito wa mafuta, huonyesha maji yanainamia wapi. Barabara yetu huinamia mashariki, na mvua yote hukimbilia huko. Maji ya ardhini hayajali barabara. Yalikuwa yakielekea kusini-magharibi, kwenye kinamasi cha mafunjo, na hoteli ya mama iko njiani kabisa. Ndiyo sababu shimo la fundi wa kwanza halikunuka. Wakazamisha gogo la plastiki ghafla katika kila kisima na kupima kwa saa jinsi maji yanavyorudi katika kimo chake, na kutokana na hilo pamoja na mwinamo wakakadiria kwamba maji yanakwenda sentimita 7 hadi 8 kwa siku. Kisima cha mama kiko mita 40 kutoka tangini. Gawa mwenyewe: ni mwaka mmoja na nusu hivi. Maana yake ni kwamba tangi lilianza kudondoka muda mrefu kabla ya miezi minane niliyowashuku vijana wangu, ila mwanzoni kiasi kilikuwa kidogo mno kuonekana vitabuni.

Uchukuaji wa sampuli ni kazi ya utaratibu unaochosha kutazama, na nadhani hapo ndipo wateja wengi huanza kulalamika kwamba wanalipia watu wa kukaa kando ya bomba. Hawachoti tu maji na kuondoka. Huyavuta polepole huku wakisoma joto, uasidi, chumvi na oksijeni hadi namba zitulie, ndipo waamini kwamba wanapata maji ya ardhi yenyewe na si yale yaliyolala bombani. Vichupa vya kioo vya mililita 40, vyenye tone la asidi ndani, hujazwa hadi maji yavimbe mdomoni, hufungwa, kisha hupinduliwa na kugongwa kwa kidole. Kikionekana kiputo cha hewa, kichupa hutupwa na kingine kujazwa, kwa sababu benzini, kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli, huhamia katika hewa hiyo na maabara ikapata namba ya uongo iliyo chini. Kisha vyote huingia katika boksi la barafu, na lazima vichambuliwe ndani ya siku 14.

Kuna kichupa kimoja ambacho kilinifanya niwaamini. Katika kila safari huweka kichupa cha maji safi yaliyofungwa maabara, ambacho husafiri pamoja na vingine bila kufunguliwa, ili kuona kama njiani kumeingia kitu. Katika duru ya pili kichupa hicho kilirudi kikiwa na tolueni, kemikali nyingine ya petroli. Wao wenyewe walinipigia simu na kukiri kwamba boksi lilisafirishwa nyuma ya pikapu moja na dumu la petroli ya jenereta. Waliyatupa matokeo yote, wakarudia duru nzima kwa gharama yao. Wangeweza kunyamaza na nisingejua kamwe.

Niseme sasa kwa nini namba hizi zina uzito. Sizungumzii benzini kwa maana ya petroli, kama neno hilo linavyotumika katika lugha nyingine, bali kemikali moja iliyomo ndani ya petroli pamoja na tolueni, ethilbenzini na zaileni, ambayo husababisha saratani ya damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huruhusu miligramu 0.01 tu ya benzini katika lita ya maji ya kunywa. Chukua lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1: humo mna karibu gramu 9, zinazotosha kuyafikisha kwenye mpaka huo maji yanayokaribia lita 900,000. Mimi nilikuwa namwaga lita 40 kila siku. Pua nayo haisaidii, kwa sababu binadamu hawezi kunusa benzini katika maji kwa kiwango hicho. Harufu aliyoisikia mama ilitoka kwa kemikali nyingine zilizomo katika petroli, na angeweza kunywa maji yasiyonuka yakiwa bado juu ya mpaka. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi, maana benzini huchemka kwa nyuzi 80 na hupanda na mvuke kuijaza jiko ambamo mpishi anavuta pumzi. Duru ya kwanza ilitoa miligramu 6.2 kwa lita katika kisima namba 1 na 0.19 katika kisima cha mama, mara 19 ya kinachoruhusiwa. Kisima chake kilifungwa siku hiyo hiyo.

Waliuliza pia kuhusu MTBE, kiongeza nguvu kinachowekwa katika petroli ya baadhi ya nchi, ambacho huyeyuka kwa urahisi, hakishikwi na udongo na hukimbia karibu sawa na maji yenyewe. Mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vyake vingi mwaka 1996 kwa sababu ya kitu hicho. Kwangu hakikuonekana, nashukuru.

Kuhusu usafishaji wenyewe, sifa yangu ina mipaka. Walianza kwa kulichota tabaka lililoelea, kisha Oktoba, mvua zilipopandisha maji karibu mita nzima, tabaka likatoweka kabisa katika kisima namba 1. Niliwaambia wafunge kazi. Mhandisi akacheka kwa adabu na kusema, "Mzee, tusubiri Januari." Petroli haikuwa imekwenda popote; maji yaliyopanda yalikuwa yameifunika na kuinasa katikati ya chembe za udongo. Kiangazi kilipofika na maji kushuka, sentimita 7 zilirudi. Yule fundi wa kwanza angekuwa ndiye anayepima, Oktoba ningepewa cheti.

Kuanzia Februari waliendesha mashine ya kufyonza mvuke kutoka udongo ulio juu ya maji na kuupitisha katika mapipa ya mkaa amilifu unaonasa kemikali, pamoja na mabomba ya kupuliza hewa chini ya usawa wa maji. Njia hii hufaa sana katika mchanga. Ardhi yetu ni laterite, yaani udongo mwekundu mgumu, juu na mwamba uliochakaa chini, ambao una mifuko ya udongo wa mfinyanzi, na hewa ni mvivu kama mtu mwingine yeyote: ilitafuta njia rahisi, ikapita katika kifusi cha mtaro wa zamani wa maji taka na kuuacha mfinyanzi ulivyo. Iliwachukua wiki sita kuligundua hilo, na naona walipaswa kuliona mapema, kwa kuwa mtaro niliwaonyesha siku ya kwanza. Umeme ulipokatika jenereta ilinguruma hadi wageni wa gesti ya jirani wakalalamika. Agosti benzini katika kisima namba 1 ilikuwa imeshuka hadi 0.9, mashine ikazimwa, na Oktoba ikapanda tena hadi 2.4, kwa maana kile kilichonaswa katika mfinyanzi kiliendelea kutoka polepole. Hili ni jambo la kawaida katika kazi hii na walikuwa wamenionya kwa mdomo, ila katika mkataba halikuandikwa, na duru ya ziada ya mashine ililipiwa na mimi.

Sehemu kubwa ya usafishaji inafanywa na bakteria wa ardhini wenyewe, bure. Hula petroli kwa kutumia oksijeni, ikiisha hutumia naitreti, kisha chuma, kisha salfeti. Ndiyo maana kisima namba 6, kilicho upande maji yanakotoka, kina oksijeni ya miligramu 5 kwa lita, na namba 1 kina 0.3 na maji yanayogeuka rangi ya kutu yakikaa kikombeni. Mhandisi aliniambia kwamba kutu ile ni habari njema, kwani chuma hakiyeyuki hivyo pasipo kitu kinacholiwa. Nilipenda kwamba hawakunificha ukweli huu ili waniuzie miezi zaidi ya mashine. Sasa mashine iko katika eneo la namba 1 peke yake na kwingine tunapima tu.

Taarifa zao, hata hivyo, ni mateso. Ya mwisho ina kurasa 84, yote Kiingereza, na jedwali moja limeandikwa kwa miligramu huku linalofuata limeandikwa kwa mikrogramu, kosa ambalo lilimfanya mpwa wa mama asome 190 mahali pa 0.19 na kuja kwangu na watu sita jioni moja. Tulikaa hadi saa tatu usiku nikieleza kwamba namba mbili ni kitu kimoja. Tangu Julai 2022 Baraza la Mawaziri limekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, na hapa karibu na mpaka ndicho tunachozungumza na madereva, wateja na majirani. Ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye ramani, kipimo kimoja na mpaka unaoruhusiwa usingewagharimu chochote. Nimeomba mara tatu. Mfuniko wa kisima namba 4 nao uliachwa umeinuka juu ya zege, lori la kwenda Malaba likaukanyaga, na bomba likapinda. Walilibadilisha bila kubishana.

Gharama ni kubwa. Kila duru ya kupima visima sita na kisima cha mama ilinigharimu shilingi milioni 7 hivi, na duru hizo zikijumlishwa zimezidi nilicholipa kwa mashine. Mwenzangu mmoja wa Busia aliniuliza kwa nini nilipe watu wa vichupa badala ya kuongeza pampu. Nilimjibu kwamba pampu nimeshanunua mara moja, siku tisa, kando ya barabara. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inamtaka mchafuzi alipe, na ukishaambiwa ulipe utapenda kujua ni lini utaacha kulipa, nayo mashine haina namna ya kukueleza hilo. Ningewaita tena, kwa masharti mawili: kupanda tena kwa benzini baada ya kuzima mashine kuandikwe katika mkataba, na nani atakulipia, na taarifa itumie kipimo kimoja.

Katika duru iliyopita kisima cha mama kilitoa miligramu 0.014, bado hakijashuka hadi 0.01. Duru ijayo ni Februari, maji yakiwa chini kabisa, na hadi hapo bodaboda wangu anaendelea kumpelekea madumu 8 ya maji ya bomba kila alfajiri, kabla ya wateja wa chai kuingia.